Kuchambua kabla ya kuanika: namna ya kupanga na kukuza mawazo unapoandika

Kijana mmoja wa Pemba alinitumia makala yake kuhusu karafuu, maneno yapata 1,200. Niliisoma mara mbili. Sarufi ilikuwa safi na kila sentensi peke yake ilikuwa na maana, lakini nilipoifunga sikuweza kumweleza mtu makala ile ilisema nini. Sultani alikuwemo. Kimbunga kilikuwemo. Bibi yake alikuwemo, anachambua karafuu usiku. Indonesia, magendo, maumivu ya jino, bei, Mapinduzi, vyote vilikuwemo, vimekaa pamoja kama abiria wa daladala wasiojuana.

Nikampigia.

"Shikamoo, mwalimu. Nipunguze wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Usipunguze kitu bado."

Mimi si mwalimu, nahariri tu, ila vijana wakishakuita hivyo hubanduki. Tulikaa kwenye simu jioni tatu tukiifumua na kuisuka upya makala ile, na hatua tulizopitia ndizo ninazoziandika hapa. Nitatumia karafuu zake mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukiona rundo lilelile likipangwa kwa njia mbalimbali unaelewa haraka kuliko kwa kupewa kanuni kumi.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu nje

Chukua karatasi, si kompyuta ikiwezekana, uandike kila unachokijua kuhusu jambo lako bila kufuata mpangilio wowote. Neno moja moja, sentensi nusu, tarehe, sura ya mtu, swali. Usihukumu. Dakika 15 zinatosha.

Rundo la kijana wangu lilikuwa hivi: karafuu asili yake visiwa vya Maluku / ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 / Sultani Seyyid Said na mashamba makubwa / watumwa / kimbunga 1872 / kufutwa kwa utumwa 1897 / Mapinduzi 1964, wakulima kugawiwa eka tatu tatu / bibi na jamvi / mchumaji hulipwa kwa pishi / watu huanguka mtini / Indonesia huzivuta kwenye sigara / magendo kwenda Kenya / kiwanda cha makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) Wawi, Pemba / harufu ya Pemba wakati wa msimu / mvua ikikuta karafuu uwanjani.

Hayo ni mali. Kosa lake ni kwamba aliyageuza kuwa makala kwa mfuatano uleule yalivyomjia kichwani. Mfuatano wa kukumbuka ni wako wewe. Msomaji hakuwa kichwani mwako siku hiyo.

Hatua ya 2: Iseme kwa sentensi moja

Nilimwuliza, "Nikikutana na mtu ngazini, ana dakika moja tu, nimwambie makala yako inasema nini?" Akajibu, "Karafuu ni zao muhimu sana Zanzibar."

Nani atakayebisha? Sentensi isiyoweza kubishiwa wala kuulizwa "kwa nini?" haiwezi kubeba makala. Ni mada tu, na mada ni kama jina la mtaa: inakuambia uko wapi, haikuambii unaelekea nyumba ipi.

Tukaendelea kuchimba. Kilichokuwa kikimsumbua hasa ni swali alilowahi kumwuliza baba yake bila kupata jibu la kumtosha: Unguja ndiko mashamba makubwa ya karafuu yalikoanzia, mbona leo ukitaja karafuu watu wanataja Pemba? Basi hapo tukapata kauli: *Pemba iligeuka kuwa kisiwa cha karafuu kwa sababu ya upepo wa siku moja mwaka 1872, na miaka iliyofuata ikauthibitisha ushindi huo.*

Kauli hiyo ina mdomo. Inadai jambo, inaulizika, na inamlazimisha mwandishi athibitishe. Andika yako, uibandike juu ya karatasi. Itabadilika njiani, usijali. Ila bila hiyo hatua zinazofuata ni kubahatisha.

Hatua ya 3: Chambua

Sasa pitia rundo, kipande kimoja kimoja, ukiuliza: hiki kinaisaidia kauli yangu? Kinachosaidia weka huku, kisichosaidia weka kule.

Hapa ndipo watu huumia. Kijana hakutaka kuachia sigara za Indonesia, kwa kuwa alizipata baada ya kusoma sana. Nikamkumbusha anachokijua yeye kuliko mimi: karafuu ikishatenganishwa na makonyo yake, makonyo hayatupwi. Yanauzwa, yanapelekwa kiwandani Wawi, yanakamuliwa mafuta. Vipande vilivyobaki navyo vifungulie faili lake. Sigara za Indonesia ni makala nyingine nzima, na nzuri.

Yaliyobaki upande wa karafuu, yapange kwa ujamaa: yanayohusu Unguja pamoja, ya Pemba pamoja, ya kazi ya mikono pamoja. Mafungu matatu hadi matano. Ukipata tisa, hujachambua.

Hatua ya 4: Chagua mpango

Hii ndiyo hatua ndefu, kwa hiyo tutulie.

Mawazo yale yale yanaweza kupangwa kwa namna nyingi, na namna unayochagua inabadili kinachosemwa. Wengi tulifundishwa shuleni mpango mmoja tu, utangulizi, kiini na hitimisho, ambao kusema kweli si mpango. Ni sawa na kumwelekeza fundi kwamba nyumba ina mbele, kati na nyuma. Swali ni hiyo kati inajengwaje.

*Kwa wakati.* Kilichotangulia kinatangulia. Mpango huu unafaa ukisimulia maisha ya mtu au historia ya jambo. Ubaya wake ni kwamba unamfanya mwandishi awe mvivu wa kufikiri: anaweka tarehe moja baada ya nyingine na kuamini kwamba amekwisha kueleza. Ukiutumia, usiipe kila miaka kumi nafasi sawa. Miaka 50 inaweza kupita kwa sentensi moja, kisha siku moja ya Aprili 1872 ikachukua aya mbili.

*Kwa hatua za kazi.* Unafanana na wa wakati, ila unaeleza kinachotendeka kila mara, si kilichotokea mara moja: kuchuma, kuchambua, kuanika, kupeleka kituoni kuuza. Mwongozo kama huu unaousoma umepangwa hivyo. Jaribio lake ni rahisi: mtu asiyejua kazi hiyo akifuata maelezo yako, atakwama wapi? Hapo umeruka hatua.

*Kwa mahali.* Unamtembeza msomaji kutoka sehemu moja hadi nyingine: shamba lililo kilimani, uwanja wa kuanikia, kituo cha kununulia, gati. Waandishi wetu huusahau huu, ingawa ukielezea mtaa, soko au nyumba hauna mpinzani. Sharti lake moja: usiruke. Ukiwa gatini usirudi shambani bila kumuaga msomaji.

*Kwa sababu na matokeo.* Ndio tuliouchagua, na ndio wenye mitego mingi. Mtego mkubwa ni kuchanganya "baada ya" na "kwa sababu ya". Kijana aliandika: "Baada ya Mapinduzi ya 1964 uzalishaji wa karafuu ulipungua." Kweli, ulishuka katika miongo iliyofuata. Lakini sentensi hiyo inataja saa tu, huku msomaji akisikia lawama. Kama unadai sababu, itaje na uionyeshe inavyofanya kazi: mikarafuu iliyozeeka bila kupandwa mingine, maradhi ya miti, bei aliyokuwa akilipwa mkulima. Kama huna hakika ipi ilikuwa na uzito zaidi, usiifunike kwa "baada ya".

Njia nzuri ya kuujaribu mnyororo wa sababu ni kuusema kwa sauti, kila pete ikiwa na "kwa hiyo": kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, *kwa hiyo* karafuu ziliadimika na bei ikapanda, *kwa hiyo* wenye ardhi Pemba waliona faida ya kupanda zaidi, na kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, aliyepanda upya Unguja alikuwa nyuma tayari, *kwa hiyo*... Pale ulimi unapokwama kusema "kwa hiyo", pete haipo. Ama uitafute, ama ubadili kauli.

*Kwa kulinganisha.* Una njia mbili. Ya kwanza, unamaliza Unguja yote, ndipo uingie Pemba. Ya pili, unakwenda kwa kipengele: udongo na mvua, Unguja hivi, Pemba vile, ukubwa wa mashamba, Unguja hivi, Pemba vile. Ya kwanza inafaa maandishi mafupi. Makala ikizidi kurasa mbili chagua ya pili, vinginevyo msomaji akifika Pemba atakuwa amekwisha kuisahau Unguja.

*Kwa tatizo na suluhisho.* Wa barua za kuomba, mapendekezo, risala za wanakijiji. Tatizo liwe na sura (nani, wapi, mara ngapi), suluhisho liwe na mtendaji. "Serikali iangalie suala hili" si suluhisho.

*Kwa uzito wa hoja.* Ukiwa na hoja tatu za kumshawishi mtu, anza na ya pili kwa nguvu, dhaifu iweke katikati, bora ifunge. Katika taarifa fupi ya kazini geuza: bora ianze, kwa sababu bosi hatafika mwisho.

Unaweza kuchanganya mipango. Makala yetu kwa jumla ilikuwa ya sababu na matokeo, ndani yake mkiwa na fungu moja la hatua za kazi. Kinachokatazwa ni kubadili mpango katikati bila kujua.

Hatua ya 5: Jenga mifupa kwa sentensi

Si kwa maneno. "Historia", "Changamoto", "Faida" ni vibandiko vya makabati. Vinakubali kitu chochote kiingie. Andika sentensi kamili kwa kila aya, ile ambayo aya itaisimamia. Mifupa yetu ilitoka hivi:

1. Bibi anachambua karafuu usiku Pemba, ingawa mashamba makubwa yalianzia Unguja.
2. Enzi za Seyyid Said, karafuu ziliijaza Unguja mashamba yaliyotegemea kazi ya watumwa.
3. Kimbunga cha 1872 kiliipiga Unguja na kuibakiza Pemba.
4. Bei ilipopanda, Pemba ilikuwa na miti iliyosimama na vilima vya kupanda mingine.
5. Karafuu inahitaji mikono mingi, na Pemba ikajipanga kwa kazi hiyo hadi ndani ya nyumba.
6. Ndiyo sababu magendo, bei na kilio cha mkulima leo husikika kwanza Pemba.

Soma hizo sita peke yake. Zinasomeka kama hadithi fupi? Basi mifupa imeshikana. Kama unaweza kubadilishana namba 3 na 5 bila kitu kuharibika, bado ni orodha.

Kwa watahiniwa wa KCSE nchini Kenya, ninyi mna insha 2 za alama 20 kila moja ndani ya saa 1 na dakika 45, na najua mtasema hakuna muda wa mifupa. Dakika 5 kwa kila insha zipo. Na insha ya methali inakupa mifupa bure: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" ina vipande viwili, kutosikia na kuvunjika, tena cha pili kinatokana na cha kwanza. Wengi husimulia ukurasa mzima wa kuvunjika guu, na mkuu hakusema lolote.

Hatua ya 6: Nenepesha aya

Aya ya tano ya kijana ilikuwa hivi:

"Kazi ya karafuu ni ngumu sana. Watu hujituma kwa bidii ili kupata karafuu bora. Kazi hii inahitaji uvumilivu mkubwa na ushirikiano wa familia nzima."

Sentensi tatu, wazo moja limevaa kanzu tatu. Hajalikuza, amelirudia. Kukuza wazo ni kushuka nalo ngazi: kutoka neno kubwa lisiloonekana (ugumu, bidii, ushirikiano) hadi kitu unachoweza kukishika. Nilimwuliza maswali ya kishamba kabisa. Ngumu vipi? Saa ngapi? Nani anakaa wapi? Mkono unafanya nini? Isipofanywa leo, kesho kuna nini? Kiasi gani? Akanitumia sauti ya dakika 4, na ndani yake aya ilikuwepo yote. Tuliiandika hivi:

"Kazi ya karafuu haiishii mtini. Jioni vishada vikifika nyumbani, karafuu bado zimeshikana na makonyo yake, wala haziwezi kungoja: zikilazwa rundo mbichi huchemka zikaharibika. Basi baada ya chakula jamvi hutandikwa, taa ikawekwa katikati, na kila mwenye mikono akakaa. Bibi hushika kishada kwa mkono wa kulia, hukisokota kwenye kiganja cha kushoto, karafuu zikaanguka huku na konyo likarushwa kule, naye hata hatazami. Asubuhi huanikwa. Jua likiwa kali siku nne hivi hutosha kuzigeuza kahawia, na kilo 3 mbichi hubaki kama 1. Wingu likitanda, mbio zinaanza."

Angalia inavyokwenda. Sentensi ya kwanza inadai. Ya pili inajibu "kwa nini?". Ya tatu na ya nne zinaonyesha. Kisha kipimo, halafu hatari. Kila sentensi inajibu swali lililoachwa na iliyoitangulia, na neno "ngumu" halimo kabisa. Halikuhitajika.

Si kila aya ipewe unene huo. Chagua moja au mbili zinazobeba kauli yako, nyingine zipite kwa haraka. Aya zikilingana urefu kama matofali, msomaji huhisi mwandishi alikuwa anajaza fomu.

Njia nyingine za kukuza, kwa ufupi: toa mfano halisi, fafanua istilahi kwa maneno ya nyumbani (pishi ni nini kwa mtu wa Arusha?), weka kinyume chake, taja pingamizi la anayekubishia kisha ulijibu. Hiyo ya mwisho tunaiogopa bila sababu. Kijana alijua kuna atakayesema Pemba ilishinda kwa udongo na mvua, si kwa kimbunga. Tukamwingiza huyo mbishi ndani ya aya ya nne na kumkubalia nusu: ardhi ilifaa tangu zamani, lakini 1872 ndipo ilipopata sababu ya kutumika.

Hatua ya 7: Unganisha

Kuna ugonjwa wa "Pia". Pia hivi, vilevile vile, aidha, isitoshe, sambamba na hayo. Viunganishi hivyo vyote vinasema jambo moja: nina kingine cha kuongeza. Jaribu kukifuta kila kimoja na kuweka "lakini" au "kwa hiyo". Kikikubali, umegundua uhusiano uliokuwa umeufukia. Kikikataa, huenda sentensi mbili hizo hazikupaswa kukaa jirani.

Kuna tatizo jingine dogo ninalolirekebisha kila wiki. "Mikarafuu mingi ya Unguja iling'olewa na upepo. Hii ilisababisha bei kupanda." Hii ipi? Kwa ngeli, "hii" hapo ni mikarafuu, kwa hiyo umeandika kwamba miti ilipandisha bei. Kiswahili kinataka ulipe jambo jina ndipo ulionyeshe: "Hasara *hiyo* ilipandisha bei." Kutafuta jina hilo (hasara, uamuzi, hofu, upungufu) kunakulazimisha uamue ulikuwa unasema nini, na hapo ndipo aya zinaposhikana zenyewe, kiungo kikiwa ndani ya nomino.

Hatua ya 8: Mlango ujengwe mwisho

Usianze kwa utangulizi. Andika kiini kwanza, utangulizi utaujua baadaye. Ukiulazimisha mapema utaishia "Tangu enzi za mababu zetu" au "Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia", milango ambayo kila mtu ameipitia na hakuna aliyekumbuka nyumba. Tafuta kipande cha karibu kabisa ndani ya rundo lako, kitu chenye mkono au harufu, ukiweke mbele, halafu ndani ya sentensi tano uwe umefika kwenye kauli.

Hatua ya 9: Soma kinyumenyume

Rasimu ikikamilika, ilaze usiku mmoja. Kesho yake pita pembeni ya kila aya uandike kwa maneno machache *inafanya kazi gani*, si inahusu nini. "Inadai." "Inathibitisha." "Inajibu mbishi." Aya mbili zenye kazi moja, ziunganishe. Aya usiyoweza kuitajia kazi, ikate hata kama ndiyo uliyoipenda. Kisha isome kwa sauti mbele ya mtu asiyehusika, na umtazame macho, usimsikilize tu. Mahali anapoangalia simu, weka alama.

Kijana wangu aliisomea nyumbani, kwenye jamvi, kazi ikiendelea. Bibi alimkatiza mara moja tu: kijana alikuwa ameandika konyo hurushwa kushoto, na sivyo. Makala ilipokuja kwangu mara ya mwisho ilikuwa na maneno 840, na faili la makonyo lilikuwa na 600 ya kuanzia nyingine.